Sindano za Stima kwa Mkono Uliokakamaa Baada ya Kiharusi: Mwongozo Kamili kwa Anayeuguza Nyumbani

Ujumbe ninaoupata ni uleule, hubadilika jina la mgonjwa tu. Mama alipata kiharusi, mkono ukajikunja kifuani, kiganja kikafumba ngumi. Wakampeleka kwa sindano zile za akupancha, tiba ya Kichina ya sindano nyembamba, zinazounganishwa na stima. Siku hiyohiyo vidole vikalegea, nyumba nzima ikashangilia, picha ikatumwa kwenye kikundi cha familia. Kufikia Alhamisi ngumi imerudi palepale. Wakaenda tena, ikalegea, ikarudi. Sasa pesa zimeisha na mtu ananiuliza: daktari, hizi sindano ni uongo?

(Mimi si daktari. Ni mtu wa fiziotherapia niliyejifunza na sindano baadaye. Lakini hapa Kisumu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, nimeacha kubishana.)

Sindano si uongo, na si muujiza. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha majaribio 22 ya sindano za stima kwa watu waliokakamaa baada ya kiharusi. Waliona kwamba zikiunganishwa na matibabu ya kawaida zinaweza kupunguza kukakamaa, hasa kwa wale ambao hawajapitisha siku 180 tangu kiharusi. Mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa ukali unaotakiwa, kwa hiyo mimi hulisema jambo hili kwa sauti ya chini. Ila ona neno lenyewe: zikiunganishwa. Wengi wenu mmekuwa mkizitumia peke yake.

Sindano hulainisha mkono kwa saa chache, kama mvua ya kwanza inavyolainisha shamba. Ukipanda siku hiyo utavuna kitu. Ukirudi nyumbani kulala, jua litakausha udongo, na mvua ijayo utailipia upya. Hizo saa chache naziita saa za ulaini, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inazihusu.

## Elewa hili kwanza

Uti wa mgongo una tabia ya kukaza msuli kila unapovutwa. Ubongo ndio breki ya tabia hiyo. Kiharusi kikikata waya wa breki, msuli hujikaza ovyo, na kadiri unavyouvuta haraka ndivyo unavyokuvuta zaidi. Ukiuvuta polepole, unakuachia. Karibu kila kosa ninaloliona majumbani ni la haraka: mtoto wa mgonjwa anashika vidole na kuvifungua kwa nguvu kama anayefungua kopo.

## Vitu vya kuandaa

Vitu hivi viwepo kabla hujalipia sindano hata moja:

- Daftari, kalamu na saa
- Simu ya kupigia picha
- Mashine ya kupima presha (ya kuazima inatosha)
- Taulo dogo la uso na leso moja kuukuu
- Beseni, sabuni na kikata kucha
- Mito miwili
- Meza isiyoyumba na kiti chenye mgongo
- Kioo cha upana wa futi moja hivi
- Kikombe cha plastiki, kitambaa cha kufutia meza, mahindi makavu machache yakiwa kwenye magunzi
- Karatasi yenye orodha ya dawa zote anazomeza mgonjwa, na tarehe ya kiharusi

Utaona hakuna mashine ya stima wala sindano. Nimeziacha makusudi. Kijana mmoja alinunua mashine mtandaoni, akafuata video, akabandika nyaya upande wa ndani wa mkono wa mamaye. Huko ndiko iliko misuli inayokunja vidole. Stima ikaikaza zaidi, na mama wa watu akalia usiku kucha. Kudunga ni kazi ya aliyesomea. Kazi yako ni kubwa kuliko hiyo, na ndiyo inayofuata.

## Hatua ya 1: Tafuta kinachouchokoza mwili

Mwili wenye kero mahali popote hukakamaa zaidi, hata kama mgonjwa hana hisia ya kueleza anaumwa wapi. Kabla ya kulaumu mkono, kagua haya:

Mkojo. Unanuka, unawaka, au anakwenda kila mara? Apimwe. Maambukizi ya mkojo pekee yanaweza kuugeuza mkono uliokuwa laini ukawa gogo ndani ya siku mbili.

Choo. Siku ngapi tangu apate choo? Kufunga choo hukaza miguu na mikono.

Ngozi. Mgeuze utazame makalio, visigino na kiuno, kama kuna kidonda cha kulalia. Tazama kucha za miguu zilizoingia nyamani. Tazama ndani ya kiganja chenyewe, kwa maana kucha ndefu huchimba humo na kufanya kidonda kinachonuka.

Baridi. Wasomaji wangu wa Nakuru, hili ni lenu zaidi. Mji wenu uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Julai mnaijua wenyewe. Mkono ule ambao Kisumu hufunguka saa nne asubuhi, kwenu utahitaji sweta na maji ya uvuguvugu kwanza.

Bega. Kama limeshuka na linauma, mkono utajikunja kulilinda. Usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono huo wala kwa kumshika kwapa. Nimeona mabega mengi yaliyoharibiwa na upendo wa namna hiyo.

Onyo: kukakamaa kulikoongezeka ghafla, pamoja na uso kupinda, maneno kupotea, kuchanganyikiwa au kichwa kuuma vibaya, si suala la sindano. Ni hospitali sasa hivi, saa yoyote ya usiku.

Ukifaulu: kero zimetibiwa, na wakati mwingine mkono umelegea wenyewe kabla hujatoa shilingi. Hilo limetokea mara nyingi kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 2: Je, mkono umekakamaa au umeganda?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mkono uliokakamaa una msuli unaojikaza kwa amri mbovu ya neva. Mkono ulioganda una msuli na kano zilizofupika zenyewe, kama kamba iliyolowa ikakauka imekunjwa. Sindano inaweza kusaidia wa kwanza. Wa pili hauna habari na stima.

Pima asubuhi, mgonjwa akiwa amelala chali, amepata joto, hana haraka ya kwenda popote.

Shika mkono wake kati ya kiwiko na kifundo kwa mkono wako mmoja, ukiegemezwa kwenye mto. Kwanza kunja kifundo cha mkono kuelekea upande wa kiganja. Watu hushangaa: tunataka kufungua, mbona tunakunja? Kano za vidole hupita juu ya kifundo. Ukikikunja zinapata nafasi na vidole vinalegea vyenyewe.

Sasa kishike kidole gumba kwenye shina lake, kwenye ile nyama nene, kamwe si kwenye ncha. Kitoe nje taratibu. Kikitoka, vidole vinne huanza kufuata. Vifungue ukihesabu moja hadi kumi. Ukihisi msuli unakuvuta, usipambane nao. Simama hapohapo na usubiri, utakuachia.

Vidole vikiwa vimenyooka, anza kukirudisha kifundo juu polepole huku vidole vikibaki wazi. Angalia unafika wapi.

Ukifika mwisho kwa upole, hata kama imechukua dakika tatu, mkono umekakamaa. Ukigonga ukuta mgumu usiosogea hata ungoje vipi, umeanza kuganda. Kama bado una shaka, mtazame akiwa usingizini. Kukakamaa hupungua mtu akilala fofofo. Kuganda hakulali.

Wengi wana vyote viwili, kwa mfano vidole vimekakamaa na kifundo kimeganda. Andika kipi ni kipi. Kilichoganda kinahitaji banzi (kifaa kigumu cha kukishikilia kikiwa kimenyooka), plasta ngumu kama za mfupa uliovunjika za kunyoosha hatua kwa hatua, na wakati mwingine daktari wa upasuaji wa mifupa.

## Hatua ya 3: Weka alama za kuanzia

Bila alama za kuanzia utadanganywa na furaha ya siku ya kwanza. Piga picha tatu saa ileile ya siku: mkono umetulia pajani, mkono ukijaribu kufunguka wenyewe, na mkono ukifunguliwa na wewe hadi mwisho wake.

Kisha andika majibu ya maswali manne. Kumkata kucha za mkono huo kunachukua dakika ngapi? Kuosha na kukausha kiganja je? Kumvisha shati la mikono mirefu? Na maumivu, kati ya 0 na 10, ni mangapi?

Mtaalamu atakuwa na kipimo chake. Wengi hutumia mizani ya Ashworth iliyorekebishwa, inayoanzia 0, ambapo msuli haujakaza, hadi 4, ambapo kiungo hakisogei kabisa, na katikati kuna 1, 1+, 2 na 3. Muombe akuandikie namba ya kiwiko, ya kifundo na ya vidole, kila kimoja peke yake. Akikuambia "ni mbaya tu" bila namba, umeshajua kwamba si mtu wa kumchagua kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Chagua mtu wa kudunga

Anzia idara ya fiziotherapia ya hospitali ya kaunti au ya rufaa iliyo karibu nawe. Kisumu tuna Jaramogi, ile wazee wanaita Russia mpaka leo. Eldoret kuna Moi, Nakuru wana hospitali yao ya rufaa, Kakamega vilevile. Hata kama hawadungi huko, watampima na kukuambia kama mkono unafaa. Kenya ina sheria ya wanafiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza linalowasajili. Kumuomba mtu cheti chake si kumtusi.

Ukimpata, muulize haya na usikilize anavyojibu:

1. Sindano ni mpya, zinafunguliwa kwenye pakiti mbele yangu, na kutupwa baada ya matumizi moja? Hapa hakuna "tunachemsha". Homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI havina mchezo. Kuwe na sanduku la kutupia ncha kali mle chumbani, na uliangalie.
2. Utadunga upande gani wa mkono, na stima utaiweka kwenye misuli ipi? Asiyejua tofauti ya misuli inayokunja na inayonyoosha, muage.
3. Mara ngapi kwa wiki, kwa wiki ngapi, jumla yote ni pesa ngapi? Wengi huenda mara tatu hadi tano kwa wiki, kwa wiki nne hivi. Mara moja kwa mwezi ni matembezi.
4. Tutapima lini kuona kama inafanya kazi?

Nawe mwambie haya bila kuulizwa: kama mgonjwa ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa, stima haifai kabisa. Mwambie kama amewahi kupata kifafa, hata mara moja baada ya kiharusi. Kama anameza warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Kama ana vyuma mwilini, au ngozi yenye kidonda au maambukizi. Kama ni mwanamke mwenye mimba, na kiharusi huwapata hata wajawazito, kuna sehemu za mkono na mguu ambazo kwa desturi haziguswi.

Anayekuahidi kwamba mama ataenda mwenyewe shambani baada ya mara tatu, ondoka kwake ukiwa bado na nauli.

## Hatua ya 5: Siku ya kwenda

Ale. Mtu mwenye njaa akidungwa anaweza kuzimia, na uji na chai vinatosha. Ameze dawa zake za presha kama kawaida. Nimekutana na waliozificha wakidhani zitagombana na stima.

Pima presha kabla ya kutoka na tena kule. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo ahirisha na umwone daktari.

Mvalishe nguo pana inayopanda hadi begani. Na panga usafiri wa kurudi *sasa*, si baadaye. Hili linaonekana dogo. Familia moja kutoka Ahero walikuwa wakimaliza sindano saa nane, wanangoja matatu ijae, wanakwama Nyamasaria, wanafika nyumbani saa kumi na mbili mgonjwa amechoka na mkono umeshakunjamana. Walifanya hivyo mara tisa. Tulipowahamishia saa mbili asubuhi, na mazoezi yakafanywa palepale kwenye benchi la nje kabla ya kupanda gari, hapo ndipo tulipoona mabadiliko. Sindano zilikuwa zilezile.

## Hatua ya 6: Kitandani

Hutadunga wewe, lakini simama karibu. Mgonjwa alale, asikae, kwa sababu anayezimia akiwa amelala haanguki.

Sindano ni nyembamba sana, unene wa robo milimita hivi, haifanani na ile ya kliniki. Kwa mkono, sehemu ambazo utaona zikitumika mara nyingi ni Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada. Waiguan, mgongoni mwa mkono, vidole vitatu hivi juu ya kifundo. Shousanli na Quchi, upande wa nje karibu na kiwiko. Na Jianyu, begani. Kwa mguu ni Zusanli, vidole vinne chini ya goti upande wa nje wa muundi, na Yanglingquan karibu nayo. Majina ni ya Kichina na hakuna haja ya kuyakariri. Nakuwekea ili uone kwamba nyingi ziko upande unaonyoosha.

Kabla ya kuunganisha nyaya, vitufe vya mashine vya kuongezea stima viwe kwenye sufuri. Nyaya mbili za jozi moja zibaki upande mmoja wa mwili. Stima isivuke kifua kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia, wala isipite mbele ya shingo. Mimi hupenda mashine ya betri kuliko ya kuchomeka ukutani, na sababu unaijua kama unaishi mtaa ambao stima hupotea na kurudi kwa kishindo.

Kisha kitufe cha mashine kinazungushwa kidogo kidogo. Mgonjwa ahisi uzito, kufa ganzi kidogo, au mdundo. Mashine hupiga mipigo 2 kwa sekunde, au 100, au hubadilishana. Kwenye mipigo ya chini utaona vidole vikicheza na kifundo kikiinuka, na hicho ndicho unachotaka kuona: mkono ukifunguka. Ukiona vidole vinafumba kila mdundo, sema hapohapo. Sindano ihamishwe.

Kupata maumivu si kipimo cha uzuri wa dawa. Kuna wazee wanaovumilia wakidhani kali ndiyo inayoponya: "Ongeza daktari, mimi ni mwanamume." Maumivu hukaza msuli. Na mgonjwa asiye na hisia upande huo hawezi kukuambia stima imezidi, kwa hiyo tazama msuli wake na uso wake, usisubiri maneno.

Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Hesabu sindano zikiingia na uhesabu zikitoka. Nimewahi kupigiwa simu na mtu aliyeikuta moja ndani ya soksi akiwa nyumbani.

Onyo: jasho baridi, kizunguzungu au kichefuchefu, zima na utoe. Aliyedungwa karibu na bega au mgongo wa juu kisha akaanza kukosa pumzi au kuumwa kifua, hata saa kadhaa baadaye, apelekwe hospitali haraka. Sindano iliyoingia sana huko inaweza kutoboa pafu.

Ukifaulu: mkono unafunguka kwa ile njia ya Hatua ya 2 kwa muda mfupi kuliko asubuhi, na saa inaanza kuhesabu.

## Hatua ya 7: Saa za ulaini

Soma sehemu hii mara mbili.

Kwa wagonjwa wangu ulaini hudumu saa chache, na kwa wachache hadi kesho yake. Usiupime kwa kuukodolea macho. Utumie. Anza ndani ya nusu saa, na ufanye kazi dakika 40 hivi ukipumzisha katikati.

Kwanza, kiganja mezani. Mkalishe kitini, miguu yote miwili chini. Fungua vidole kwa utaratibu ule: kunja kifundo, gumba, vidole, kisha kifundo juu. Laza kiganja mezani kwenye taulo, vidole wazi. Kiwiko kinyooke taratibu. Sasa mwambie aegemee mkono huo kidogo, kama mtu anayetaka kusimama, ahesabu hadi thelathini, apumzike. Mara tano. Uzito wa mwili unaopita kwenye kiganja kilichofunguka hutuliza misuli inayokunja kuliko kusugua kwote unakolipia.

Kifundo kikigoma kulala, usikandamize. Tembeza kiganja hadi ukingo wa meza, vidole vining'inie nje au vikunjike kidogo.

Pili, kufuta meza. Mkono uliougua juu ya kitambaa, mzima juu yake, asukume mbele hadi kiwiko kinyooke, arudi. Mara hamsini. Ndiyo, hamsini. Ubongo haujifunzi kwa mara tatu za heshima. Kadiri siku zinavyopita, ule mzima upunguze kusaidia.

Tatu, kazi yenye maana. Chagua kazi ambayo mkono ule uliifanya kabla ya kiharusi. Kushikilia gunzi huku mkono mzima ukipukuchua mahindi. Kushikilia sukuma wiki ikikatwa. Kukunja leso. Mzee mmoja wa Dunga, mvuvi tangu ujana, alikataa kikombe changu cha plastiki kama anayetukanwa. Nikamletea kipande cha wavu uliochanika. Mkono mbovu ukanyoosha wavu, mzima ukashona. Alikaa saa nzima bila kuambiwa.

Kama vidole havina mwendo wowote, tumia kioo. Kisimamishe katikati ya meza, mkono mbovu nyuma yake, mzima mbele. Afungue na kufunga mkono mzima akiutazama kwenye kioo, akijaribu kufanya vivyo hivyo na ule uliojificha. Ataona kana kwamba mkono mbovu unafunguka. Wajukuu watacheka, lakini zoezi hili la bei ya kioo limepimwa sana na lina faida. Nusu saa kila siku.

Kosa la kawaida hapa: kumpa mpira wa kufinya. Nyumba baada ya nyumba naukuta. Mkono ambao shida yake ni kufumba, unaufundisha kufumba. Mpe mtoto acheze.

Ukifaulu: kesho yake asubuhi kiganja kinafunguka upesi kidogo kuliko jana asubuhi. Linganisha asubuhi na asubuhi. Mara baada ya sindano kila mkono ni mzuri.

## Hatua ya 8: Siku za katikati na usiku

Siku isiyo na sindano, fanya Hatua ya 7 vilevile, ukitanguliza joto. Loweka mkono dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu. Pima maji kwa kiwiko chako mwenyewe, si kwa mkono wake. Mkono usio na hisia huungua kimya, na malengelenge utayaona jioni.

Akikaa, mkono uegemee mto, usining'inie. Akilala upande wa mzima, mto mbele ya kifua ubebe mkono mbovu, kiwiko kikiwa kimenyooka kiasi. Kiganjani weka taulo dogo lililokunjwa kwa ulegevu likaushe jasho na kuzuia kucha. Kama ana banzi la usiku, kagua ngozi kila asubuhi, na wekundu usioisha baada ya nusu saa unamaanisha banzi linambana.

Mkono ukivimba, ukawa wa moto, ngozi iking'aa na kuguswa tu kukawa mateso, simamisha kunyoosha na sindano umwone mtaalamu.

## Hatua ya 9: Uamuzi baada ya mara 10 hadi 12

Fungua daftari. Piga zile picha tatu tena, asubuhi, siku isiyo na sindano. Jibu yale maswali manne. Muombe mtaalamu namba za Ashworth upya.

Namba ikishuka hata kwa moja, na kucha zikakatwa kwa nusu ya muda wa zamani, endelea duru nyingine ukipunguza idadi kwa wiki. Kama hakuna kilichobadilika, acha. Usiongeze mara kumi kwa sababu ya aibu ya pesa iliyokwisha toka.

Kuacha sindano hakumaanishi kukaa bure. Muulize daktari kuhusu baklofeni, dawa ya kumeza inayoanza kidogo na kupandishwa taratibu. Huleta usingizi na ulegevu, na haikatishwi ghafla, kwa maana inaweza kuleta degedege. Zipo pia sindano za botulinamu zinazodungwa kwenye msuli wenyewe, ambazo hudumu miezi mitatu hivi. Ni ghali na hazipatikani kila mahali, nazo pia zina saa zao za ulaini, ila ndefu. Ukizipata, Hatua ya 7 inabaki vilevile.

Na kabla hujaandika "imeshindikana", tazama tena ulikuwa unatafuta nini. Mama mmoja muuza omena wa Kibuye alimaliza mara 12. Mkono wake wa kushoto haujashika kitu hadi leo, vidole havifumbi wala havifumbui kwa amri yake. Lakini kiganja kimefunguka kiasi cha kulala juu ya gorogoro, lile kopo la kupimia, na kulishikilia lisiyumbe, huku wa kulia ukimwaga omena. Sindano aliziacha. Meza ya nyumbani huifuta kila alfajiri, mara hamsini, kabla ya kwenda sokoni.